Mchanga Chini ya Viti

Lilifika saa kumi na moja jioni, lori la watalii,
refu kama zizi, madirisha ya turubai,
limebeba vumbi la rangi nisiyoijua.
Na vumbi nalijua mimi. Miaka tisa naliosha
hapa Lanet, kando ya barabara kuu:
jeupe la Kariandusi, linaloshika kitambaa kama unga;
la Baringo, jekundu, zito, lina mbegu za miiba;
la Mara, jeusi likilowa, na samadi ya nyumbu
iliyokaukia kwenye matairi.
Hili lilikuwa rangi ya binzari iliyoungua.

"Limetoka wapi?"
"Namibia," akasema dereva, akanyoosha mkono
juu ya paa la duka la mbolea,
kana kwamba ningepanda pale ningeiona.

Jina lake Uazuva. Kiswahili chake amekiokota
Tunduma, Mbeya, Sirari, kituo kwa kituo,
kimejaa dizeli na bei ya nyanya.
Kwa Kiswahili hicho akanipa jangwa:
choroa juu ya tuta la mchanga, adhuhuri,
peke yake, kama mtu aliyesahauliwa na karani;
tembo wanaofukua mto mkavu kwa miguu
mpaka mto ukubali;
na mdudu mweusi, hazidi harage,
ambaye ukungu ukija alfajiri kutoka baharini
hupanda kileleni, huinamisha kichwa, huinua makalio,
hungoja.
Umande humganda mgongoni, tone likutane na tone,
liteleze mpaka kinywani.
"Ndiyo chai yake," akasema.

Nilicheka. Kisha nikafungua mpira wa maji.

Maji hayo nanunua. Mkokoteni wa Barasa,
mitungi ishirini kwa siku, na kiangazi bei hupanda
kabla jua halijapanda.
Na ziwa liko pale, nyuma ya mabati na mahindi,
limevimba, limemeza lango na barabara,
limeizingira migunga ikafa wima,
na heroe wengi wakaona halifai, wakahama.
Ziwa lote hilo, huwezi kuoshea hata kijiko.

Uazuva alitazama maji yakishuka ubavuni mwa lori,
yakiingia mtaroni na povu lake.
Alistahimili tairi la kwanza.
La pili.
La tatu akaja akaukunja mpira kwa mkono,
taratibu, kama anayeshika shingo ya nyoka.
"Mama Mogaka, basi. Nipe ufagio."

Tukalifagia lori, mimi ndani, yeye juu ya paa.
Watalii wake walikuwa kambini wakiipanga kesho:
kifaru saa kumi na mbili, simba saa mbili,
chakula saa saba.
Mimi sijawahi kupita lile lango, la zamani wala jipya.
Mogaka alikwenda na shule,
akarudi ameona kalio la kifaru.
Anasema lilikuwa kalio kubwa.

Chini ya viti mchanga ulijaa karai.
Nikauweka sikioni, sijui kwa nini,
labda nilidhani kitu kilichotoka mbali kina la kusema.
Ulikuwa mchanga.
"Nimwage?"
"Kaa nao. Kule haujaisha."

Akalipa bei ya kuosha, ingawa hatukuosha.
Nilibishana, si sana.

Usiku nilichota konzi moja
nikasugua sufuria ya ugali, ile iliyoungua Jumapili
nikagombana nayo siku tatu kwa sabuni.
Mchanga uliovuka mipaka sijui mingapi
ukaanza kazi bila kuuliza kijiji.
Ukoko ukaachia. Bati likatoka jeupe,
likanionyesha paji la uso na taa ya koroboi.

Nikasuuza kwa kikombe kimoja.
Nikaigeuza sufuria juu chini, nikaiinua,
na tone la mwisho likaning'inia ukingoni,
likanenepa, likasita.

Mogaka akaniuliza mbona nimeinama.